Malalamiko Yaliyolala Masjalani

Tarehe 28 Agosti 1997, Timothy Pigford, mkulima mweusi wa North Carolina, pamoja na wenzake walimfungulia kesi Waziri wa Kilimo wa Marekani, Dan Glickman, katika mahakama ya shirikisho mjini Washington. Madai yao yalikuwa mawili. La kwanza, kwamba wizara iliwabagua wakulima weusi ilipogawa mikopo ya kilimo. La pili, kwamba walipopeleka malalamiko kuhusu ubaguzi huo, wizara haikuyashughulikia. Kila aliyeisikia kesi ya Pigford huikumbuka kwa dai la kwanza, maana ndilo lenye uchungu unaoonekana: mtu kanyimwa haki kwa rangi ya ngozi yake. Dai la pili huchukuliwa kama mkia tu, uzembe wa makarani uliokuja baada ya dhambi yenyewe. Katika sura hii nataka kulisimamisha dai hilo la pili mahali pake. Ucheleweshaji wa malalamiko ulikuwa sehemu ya ubaguzi wenyewe, tena sehemu iliyofanya kazi kubwa kuliko matusi ya afisa yeyote. Afisa wa kaunti aliweza kumnyima mkulima mkopo wa mwaka mmoja. Lalamiko lililokaa kabatini miaka kumi ndilo lililomnyang'anya shamba.

Ili tuelewane, tuanze na jinsi mikopo hiyo ilivyofanya kazi. Serikali ya Marekani ilikuwa na shirika la kuwakopesha wakulima waliokataliwa na benki, Farmers Home Administration, ambalo mwaka 1994 shughuli zake za mikopo ya mashamba zilihamishiwa kwenye chombo kipya ndani ya wizara. Fedha zilitoka Washington, lakini maamuzi yalifanyika chini kabisa, katika ofisi ya kaunti, chini ya maafisa na kamati za watu wa pale pale, na katika kaunti nyingi za Kusini kamati hizo zilikuwa za wazungu watupu. Mkulima alihitaji mkopo wa uendeshaji kila mwaka ili anunue mbegu, mbolea, dawa na mafuta ya trekta, kisha alipe baada ya mavuno. Msomaji wa Mbeya au Kitale hahitaji kuelezwa maana ya pembejeo kuchelewa. Mkulima mweusi alifika ofisini Januari akaambiwa fomu zimekwisha, arudi baadaye. Aliporudi na kuijaza, hakuna aliyemsaidia kama jirani yake mzungu alivyosaidiwa. Machi ikapita, majirani wakapanda, yeye bado anaambiwa maombi yake yanashughulikiwa. Mkopo ulipotoka katikati ya mwaka, tena pungufu, mara nyingine ulitiwa kwenye akaunti ambayo hawezi kutoa hata dola moja bila saini ya afisa yule yule. Timu ya haki za kiraia iliyoundwa na wizara yenyewe iliandika katika ripoti yake ya Februari 1997 kwamba katika majimbo kadhaa ya kusini-mashariki, maombi ya mikopo ya wakulima weusi yalichukua, kwa wastani, mara tatu ya muda wa maombi ya wengine.

Kwa hiyo silaha ya mwanzo ilikuwa muda. Kumkatalia mtu waziwazi kunaacha ushahidi. Kumzungusha hakuachi kitu. Aliyekataliwa ana barua ya kuonyesha, ila aliyeambiwa njoo wiki ijayo hana cha kuonyesha zaidi ya shamba lililopandwa Juni. Ndiyo maana sheria iliweka njia ya kulalamika juu ya kaunti, kwa watu wasio na ujirani wala udugu na wale wanaolalamikiwa. Na hapo ndipo hadithi inapokuwa nzito. Mwaka 1983, katika utawala wa Ronald Reagan, wizara iliivunja ofisi yake ya haki za kiraia iliyokuwa ikichunguza malalamiko hayo, na haikurejeshwa mpaka mwaka 1996. Miaka kumi na mitatu. Katika kipindi hicho chote fomu za malalamiko ziliendelea kupokelewa, na mabango yaliendelea kuwaeleza wakulima kwamba wana haki ya kulalamika. Jaji Paul Friedman, aliyeisikiliza kesi ya Pigford, alieleza katika uamuzi wake wa tarehe 14 Aprili 1999 kwamba malalamiko mengi hayakuchunguzwa kabisa, kwamba mengine yalitupwa kwenye pipa la taka, na kwamba hata pale wizara ilipokiri kuwa ubaguzi ulitokea, mkulima hakupata nafuu yoyote.

Mlango uliofungwa ungekuwa na uaminifu zaidi. Mkulima anayejua kwamba hakuna wa kumsikiliza Washington atatafuta njia nyingine mapema: atakwenda kwa wakili, kwa mbunge, kwa gazeti, au atauza sehemu ya ardhi ili aokoe iliyobaki. Mkulima anayeamini kwamba lalamiko lake limo mikononi mwa mchunguzi husubiri. Anasubiri kwa sababu ameambiwa huo ndio utaratibu, na kwa sababu mtu mwenye heshima zake haanzi kelele kabla ya kusikilizwa. Ofisi isiyofanya kazi lakini inayopokea barua hugeuza subira ya mlalamikaji kuwa hasara yake.

Na wakati mlalamikaji anasubiri, kuna mambo matatu ambayo hayasubiri. Msimu ni la kwanza. Deni ni la pili: wizara iliyopokea lalamiko ndiyo iliyokuwa mdai, na mkono wake wa ukusanyaji haukuvunjwa mwaka 1983. Barua za madai zilifika kwa wakati. Riba ilihesabiwa kwa wakati. Mashamba yaliyowekwa dhamana yalinadiwa kwa wakati, hata pale mwenye shamba alipokuwa amelalamika kwamba deni lenyewe limekua kwa sababu mkopo ulicheleweshwa kwa makusudi. La tatu ni ukomo wa kisheria, na ningependa msomaji alitazame hili kwa makini kuliko yote. Sheria ya Marekani ya usawa katika mikopo, ya mwaka 1974, ilimpa mtu aliyebaguliwa miaka miwili tu ya kwenda mahakamani. Mkulima aliyebaguliwa mwaka 1985, akalalamika wizarani kama alivyoelekezwa, akasubiri jibu, alifika mwaka 1987 haki yake ya kushtaki ikiwa imekufa bila yeye kujua. Wizara ilipoanza hatimaye kutafuta suluhu, wanasheria wa serikali walitoa maoni rasmi, Januari 1998, kwamba madai yaliyopita ukomo hayawezi kulipwa hata kwa makubaliano ya kiofisi. Yaani mwenye ofisi alilala miaka kumi na mitatu, alipoamka akamwambia mgeni barazani kwamba amechelewa. Ilibidi Bunge la Marekani litunge kifungu maalumu Oktoba 1998 cha kuondoa ukomo huo kwa waliokuwa wamelalamika kabla ya Julai 1997 kuhusu mambo yaliyotokea kati ya 1981 na 1996. Bila kifungu hicho, kesi ya Pigford ingebaki karatasi.

Mfano wa New Communities unaonyesha muda ulivyoweza kuumeza hata mradi mkubwa. Ilikuwa jumuiya ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1969 kusini-magharibi mwa Georgia na wanaharakati wa haki za kiraia, miongoni mwao Charles na Shirley Sherrod, yenye karibu ekari 6,000, moja ya mashamba makubwa kuliko yote yaliyomilikiwa na watu weusi nchini humo. Ukame ulipowapiga katika miaka ya 1970, wakaomba mkopo wa dharura ambao majirani zao wazungu walikuwa wakiupata. Walikataliwa, wakafuatilia hadi Washington, na mkopo ulioitwa wa dharura ukachukua kama miaka mitatu kutoka. Ulipotoka, madeni mengine yalikuwa yamekwisha kurundikana. Mwaka 1985 ardhi yote ikapotea. Miaka 24 baadaye, mwaka 2009, kupitia utaratibu wa kesi ya Pigford, iliamuliwa kwamba walikuwa wamebaguliwa, wakapewa fidia ya zaidi ya dola milioni 12. Ni fedha nyingi, na walistahili. Lakini kizazi kizima kilikuwa kimekua pasipo shamba lile, na waanzilishi waliokuwa vijana walikuwa wamezeeka.

Mtetezi wa wizara atasema hapa kwamba naona hila mahali palipo na upungufu wa kawaida wa serikali. Ofisi za umma kila mahali zina watumishi wachache na bajeti ndogo, malalamiko hurundikana, na mrundikano hauna rangi. Hoja hii ina uzito. Ripoti ya mwaka 1997 yenyewe ilieleza kwamba waliopewa kazi ya kushughulikia malalamiko hawakuwa na mafunzo ya kutosha, na kwamba majukumu yalitapakaa idara mbalimbali bila mtu mmoja wa kuwajibika. Siamini kwamba kila karani aliyeliacha faili juu ya meza alimchukia mkulima mweusi. Lakini hoja inasahau kuuliza nani aliamua kwamba idara hii ndiyo iwe na watumishi wachache. Wizara ile ile, katika miaka ile ile, ilitoa ruzuku za mabilioni ya dola, ilipima mashamba, ilikagua mazao, ilidai mikopo. Palipotakiwa watu, walipatikana. Upungufu unaokaa miaka kumi na mitatu katika dirisha moja tu, lile linalohudumia watu ambao wizara imewakosea, ni uamuzi, hata kama hakuna aliyeutia saini. Na anayeumizwa na uamuzi huo hapati nafuu yoyote kwa kujua kwamba hakuchukiwa na mtu mahususi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nami sitalipita kwa haraka. Linasema: uchunguzi wa ubaguzi unahitaji muda. Afisa anayetuhumiwa naye ana haki zake; ni lazima mafaili yalinganishwe, mashahidi wahojiwe, na nia ya mtu si kitu cha kupimwa kwa mizani. Ukiilazimisha ofisi iharakishe, utapata maamuzi mabovu, na walaghai wataingia. Wanaosema hivi huielekezea kidole kesi ya Pigford yenyewe, kwani baada ya malipo kuanza zilitokea tuhuma kwamba baadhi ya waliolipwa hawakuwahi kulima. Nakubali kwamba uchunguzi mzuri hauishi kwa siku tatu, na kwamba palipo na fedha nyingi wapo watakaojaribu. Ila tuangalie kwa nini utaratibu wa Pigford ulilazimika kuwa mwepesi. Makubaliano yaliyoidhinishwa na Jaji Friedman yaliweka njia mbili. Katika ya kwanza, iliyochaguliwa na walio wengi mno, mkulima alipata dola 50,000, kufutiwa madeni aliyodaiwa na wizara, na malipo ya kodi, kwa kiwango cha ushahidi kilicho chini ya kile cha kesi ya kawaida. Njia ya pili ilitaka ushahidi kamili na haikuwa na kikomo cha fidia, na wachache sana waliithubutu. Kiwango kilishushwa kwa sababu jaji alifahamu kwamba wengi hawakuwa na karatasi, kwani fomu, barua na mafaili vilikuwa vimepotea au havikutunzwa. Kuchunguza lalamiko la mwaka 1984 katika mwaka 1984 kungehitaji kulinganisha mafaili mawili yaliyo kwenye kabati moja. Kulichunguza mwaka 1999 kulihitaji kumbukumbu za wazee.

Hata huo wepesi unaosemwa ulikuwa na mwiba wake. Mkulima wa njia ya kwanza alitakiwa amtaje kwa jina mkulima mzungu aliyekuwa na hali kama yake, katika eneo lake, na aliyepewa mkopo ambao yeye alinyimwa. Fikiria mzee anakaa na wakili wa kujitolea katika ukumbi wa kanisa huko Alabama au Mississippi, anaulizwa jirani gani alipata mkopo wa uendeshaji katika masika ya 1986, kiasi gani, na lini. Faili la jirani huyo halimo mikononi mwake. Limo mikononi mwa wizara anayoishtaki, kama bado lipo. Pia ilimbidi aonyeshe kwamba alilalamika wakati ule, na kama hakuwa na nakala ya lalamiko, apate shahidi asiye ndugu yake atakayeapa kwamba alijua. Ofisi iliyotupa barua yake sasa ilikuwa inamdai nakala ya barua. Kati ya watu wapatao 22,700 walioruhusiwa kuingia katika madai, karibu theluthi moja walikataliwa. Wapo ambao pengine walistahili kukataliwa. Wengine walishindwa kwa sababu muda ulikuwa umekula ushahidi wao, na hakuna awezaye leo kuwatenganisha hawa na wale. Huo nao ni uharibifu uliofanywa na ucheleweshaji: umewafanya mkweli na mlaghai wafanane. Anayeogopa udanganyifu angepaswa kuwa wa kwanza kudai uchunguzi wa mapema.

Kuna jambo jingine katika kesi hiyo linaloonyesha wazi zaidi jinsi muda unavyopimwa kwa vipimo viwili. Madai yalipaswa kufikishwa ndani ya siku 180 tangu makubaliano yaidhinishwe, mwisho tarehe 12 Oktoba 1999. Wengi vijijini hawakupata habari. Waliochelewa waliruhusiwa kuomba kwa kueleza sababu zisizo za kawaida, hadi Septemba 2000, na waliojitokeza walikuwa zaidi ya 70,000, mara tatu ya wale wa awali. Walio wengi mno walikataliwa kwa sababu hiyo tu ya kuchelewa, madai yao hayakusikilizwa kabisa. Sipingi kwamba kila kesi lazima iwe na mwisho. Lakini mwananchi aliyechelewa kwa miezi alipoteza haki yake, na wizara iliyochelewa kwa miaka kumi na mitatu haikupoteza chochote isipokuwa fedha za walipa kodi. Sheria ya kilimo ya mwaka 2008 ndiyo iliyowapa watu hao mlango mwingine, makubaliano ya dola bilioni 1.25 yakafikiwa mwaka 2010, na malipo yakaanza kutoka mwaka 2013. Wapo waliofia njiani, na warithi wao ndio waliopokea hundi.

Pingamizi la tatu nitalijibu kwa ufupi. Wapo wanaosema wakulima weusi wangetoweka hata kama malalamiko yangejibiwa, kwa kuwa wakulima wadogo wa rangi zote walifilisika, hasa katika mgogoro wa kilimo wa miaka ya 1980. Ni kweli kwamba wazungu wengi nao walinadiwa. Lakini mwaka 1920 kulikuwa na mashamba 925,000 ya wakulima weusi Marekani, na Jaji Friedman alipoandika mwaka 1999 yalikuwa hayafiki 18,000. Anguko la namna hiyo halikuwapata wazungu kwa kiwango hicho hata kidogo. Na hata kama soko lingewaangusha nusu yao, mtu hawezi kusamehewa wizi kwa hoja kwamba nyumba aliyoiibia ingeungua siku nyingine.

Je, haya ni ya kale? Baada ya Pigford, wizara ilipata naibu waziri wa haki za kiraia kwa sheria ya mwaka 2002, ikapata wachunguzi, ikajiwekea muda wa siku 180 wa kumaliza lalamiko kuhusu huduma zake. Mkaguzi mkuu wa wizara alipokagua kazi hiyo, katika ripoti iliyotolewa mwaka 2021, alikuta kwamba katika mwaka wa fedha wa 2019 wastani wa kumaliza lalamiko ulikuwa siku 799. Kwa mkulima, hiyo ni misimu miwili kamili ya kupanda na kipande cha tatu. Idadi ya watumishi haielezi yote. Jaji Friedman alikuwa ameiomba wizara, mwaka 1999, ikubali kuongeza katika makubaliano sentensi moja ya kuahidi kwamba itajitahidi kufuata sheria za kupinga ubaguzi siku za usoni, wizara ikakataa, na jaji akaandika masikitiko yake juu ya hilo. Fidia ililipwa kwa yaliyopita, na saa ya ofisi ikabaki vilevile. Mwaka 2024 wizara ililipa tena, karibu dola bilioni 2 kwa zaidi ya watu 43,000 walioeleza kubaguliwa katika mikopo yake kabla ya mwaka 2021. Serikali inayolipa kiasi hicho mara kwa mara haiwezi kusema kwamba kuajiri wachunguzi ni gharama kubwa mno.

Ninachodai ni kwamba gharama ya kuchelewa ihamishwe kutoka kwa anayelalamika iende kwa anayechelewa. Sheria ya mwaka 2008 ilichukua hatua ya kweli kuelekea huko: ilizuia wizara kunadi shamba la mkulima ambaye lalamiko lake la ubaguzi limepokelewa na bado halijaamuliwa. Katika yote yaliyofanywa tangu 1997, kifungu hicho kifupi nakithamini kuliko hundi zote, kwa sababu kinamfanya mdai na mchunguzi, ambao ni wizara ile ile, washikwe na kamba moja. Kinapaswa kukamilishwa: ukomo wa kwenda mahakamani usihesabiwe siku ambazo lalamiko limo mikononi mwa serikali, na siku 180 zikipita bila uamuzi, lalamiko litoke wizarani liende kwa mwamuzi wa nje, na majalada ya mkulima na ya majirani zake yakabidhiwe pamoja nalo. Nimesikia hofu kwamba wadaiwa sugu watalalamika kwa hila ili wasimamishe mnada. Watakuwepo. Lakini mdaiwa mwenye hila hunufaika kwa siku zile tu ambazo ofisi inachukua kumjibu. Ofisi inayomaliza kazi kwa miezi mitatu itampa miezi mitatu, na inayochukua siku 799 itampa siku 799, na safari hii hesabu hiyo itailipa yenyewe.